Mafuta ya Miti na Ugonjwa wa Kutetemeka

Katika vitabu vyetu vya mila tumezoea kuandika kwamba wazee walikuwa na dawa ya kila ugonjwa. Ni maneno matamu, lakini yanaweza kuumiza mutu. Tuchukue mfano mmoja, ugonjwa wa Parkinson: mikono inatetemeka hata mtu akiwa amepumzika, viungo vinakauka, mwendo unakuwa wa polepole.

Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817. Leo tunajua kwamba ndani ya ubongo seli zinazotengeneza dopamini zinakufa, na bila dopamini mwili hauongozwi vizuri. Basi mgonjwa hakulogwa, wala yeye si mulozi. Tunalisema wazi kwa sababu katika mtaa wetu tulimwona baba mmoja mzee ambaye watoto walikuwa wanamukimbia kwa ajili ya ule mukono tu.

Jamaa yake walimupaka mawese ya vuguvugu kila jioni. Je, walikosea? Hapana. Kukandwa kunalegeza misuli iliyokaza, na mkono wa mtoto juu ya mgongo wa baba yake ni heshima. Kosa ni kusema mafuta yanaponya. Mafuta ya kupaka hayafufui seli za ubongo. Watafiti wamejaribu mafuta ya miti mbalimbali, kama habasoda, juu ya panya. Lakini panya si mtu, na mpaka leo hakuna mafuta yaliyothibitishwa kuponya ugonjwa huu. Tena kumunywesha mafuta kwa nguvu mutu anayemeza kwa shida ni hatari: yanaweza kuingia katika mapafu.

Kuna mmea mmoja unaostahili sifa, nao ni upupu, ule unaowasha ngozi. Mbegu zake zina levodopa, dawa ileile ya lopitali. Waganga wa India wanazitumia tangu zamani. Mwaka 2004, huko London, unga wa mbegu hizo ulijaribiwa kwa wagonjwa 8, ukafanya kazi haraka kuliko vidonge. Lakini angalieni: levodopa haiyeyuki katika mafuta. Anayekamua mbegu apate mafuta anabaki na chupa, dawa anaitupa pamoja na makapi! Hata unga wenyewe kipimo chake hubadilika, unaweza kutapisha, na haufai kuchanganywa na vidonge bila munganga kujua. Wala mgonjwa asiache vidonge vyake kwa ghafla.

Basi lawama si ya wazee, ni yetu sisi tunaoandika. Tunasema tu "mafuta ya miti", bila kutaja mti gani, sehemu gani, ilitayarishwa namna gani, na mgonjwa aliendelea vipi kisha. Mila isiyoulizwa maswali haiheshimiwi, inasifiwa tu. Tuulize wazee wangali hai, tuandike sawasawa, na yule baba anayetetemeka tumpeleke lopitali, kisha jioni tumpake mawese yake.