Bia ya Ngano Huanzia Puani

Mpika bia wa kiwanda kidogo anaweza kuficha mengi kwenye hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Bia chungu inayonukia machungwa husitiri makosa kadhaa. Hefeweizen, bia ya ngano ya Bavaria, haisitiri kitu: uchungu wake ni mdogo, nusu au zaidi ya kimea chake ni ngano, na harufu yake karibu yote imetoka kwenye hamira. Kiwanda nisichokijua hukipimia hapo kwanza.

Chupa ikae wima kwenye friji, lakini bia isiwe barafu. Nyuzi 8 hivi za Selsiasi zinatosha. Suuza glasi ndefu ya nusu lita kwa maji baridi, iinamishe, mimina taratibu mpaka chupani ibaki kidogo. Hapo izungushe chupa ili hamira iliyotuama iamke, kisha malizia. Povu lipande jeupe, zito, likae. Anayekuletea glasi yenye kipande cha limau anakuharibia: mafuta ya ganda hulivunja povu, na harufu ya limau hufunika kile ulichofuata.

Ulichofuata ni ndizi mbivu na karafuu, ingawa humo hakikutiwa hata kimoja. Aliyewahi kupita Pemba karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi ana pua ambayo wanywaji wengi wa Munich wangeionea wivu. Atumie pua hiyo. Hamira ikifanya kazi kwenye joto la nyuzi 22 hivi, ndizi hutawala. Ikizuiwa kwenye 17, karafuu hupata nafasi. Wapo wanaoanza kwa kuloweka kimea kwenye nyuzi 45 hivi, ili kitoe asidi ambayo hamira huigeuza kuwa harufu ya karafuu. Hata tangi lina neno lake: likiwa refu na lenye shinikizo, ndizi hufifia. Kiwanda cha Sierra Nevada cha California kiliichachushia Hefeweizen yake, Kellerweis, kwenye matangi ya wazi, kama wafanyavyo baadhi ya Wabavaria.

Kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye viwanda vidogo ni ndizi peke yake, tamu kama peremende. Funda la kwanza linapendeza, glasi haiishi. Harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ni dalili ya hamira iliyopata joto kupita kiasi. Ya siagi, irudishe. Ukungu usikubabaishe, maana hata bia mbovu huwa nao.

Sasa meza. Ngano ijaze kinywa, gesi ichangamshe ulimi, na mwisho uwe mkavu kiasi cha kukufanya uinue glasi tena. Utamu ukiganda kooni, bia haikuchachuka vya kutosha.

Soma lebo kwa tahadhari. Mwaka 1986 ndugu wawili wapika bia, akina Widmer wa Portland, Oregon, walitoa Hefeweizen iliyopikwa kwa hamira isiyotoa ndizi wala karafuu, na viwanda vingi vya Marekani vikafuata njia hiyo. Ni bia safi, lakini ukiipima kwa kipimo cha Bavaria utaionea. Ipime kwa wepesi na usafi wa ladha ya nafaka. Na kabla hujalipa, geuza chupa uangalie tarehe. Iliyokaa rafuni mwaka mzima imeshapoteza ndizi yake, na kilichobaki kinanuka boksi lililolowa.