Pongezi kwa Maalimu wa Rungwa

Huko Rungwa, kando ya pori la akiba, katika njia ndefu itokayo Itigi kwenda Mbeya, ambako Kiarabu hakisikiki ila katika sala na kisomo, nilimkuta maalimu ambaye, kwa kuwahurumia wanafunzi waliohifadhi maneno mengi wasiweze kuomba hata maji ya kunywa, ameigeuza baraza ya chuo kuwa duka. Mkekani pana chumvi, karanga na chupa ya asali, mnunuzi huuliza, "Bikam hadha?", yaani bei gani hii, na muuzaji akiteleza akajibu kwa Kiswahili, humwachia mwenziwe duka. Hesabu haikuwataabisha, kwani sita, saba, tisa na ishirini, zenye asili ya Kiarabu, wamezirithi kwa mama zao. Taabu ilikuwa ni asali, ambayo kwa Waarabu huanza kwa herufi ya ain: binti mmoja aliirudia mara tatu, kidole kooni, hata ikatoka safi, na darasa zima likashangilia.

Kufundisha kwa michezo si jambo geni: madrasa za watoto wadogo za Mombasa, tangu miaka ya 1980, na za Unguja baadaye, zimefundisha hivyo, kwa vifaa vya nyumbani. Lakini mimi namshukuru zaidi maalimu huyu kwa subira yake, maana binti alipokwama, hakumkaripia wala hakumtamkia, alingoja.