Kosa la Ligon

Wapenzi wa Star Trek: The Next Generation, kila waulizwapo ni lini mfululizo huo ulipopona udhaifu wa misimu yake miwili ya mwanzo, aghalabu hujibu kwa mkato kwamba ulipona mwaka 1989, Michael Piller alipokabidhiwa uongozi wa watunzi, na jibu hilo ni sahihi kwa kadiri yake, walakini halitoshi, kwa sababu halielezi ulikuwa ukiumwa nini. Kwa maoni yangu ugonjwa wake ulidhihirika wote katika sehemu moja, nayo ni "Code of Honor" iliyoonyeshwa Oktoba 1987, na hasa katika uamuzi mmoja wa sehemu hiyo, wa kuwapa waigizaji weusi watupu nafasi zote za watu wa sayari ya Ligon. Uamuzi ule ulikuwa kosa dhahiri, kosa la ufundi kabla ya kuwa kosa la adabu, na sijapata kusikia udhuru unaoufuta.

Sisi wa Lyamkena tuliiona kazi hii kwa kuchelewa, kwanza kwa kanda za video, kisha kwa flashi zilizojazwa Makambako mjini, wala hatukuiona kwa utaratibu wa misimu. Wengi wetu tulikwisha kumzoea Nahodha Picard wa msimu wa tatu na wa tano, mtu wa busara na taadhima, ndipo tukarudi nyuma tukamkuta Lutan, mtawala wa Ligon, na kilemba chake. Pengine kwa sababu hiyo aibu ilitushika zaidi, maana tulijua tayari mafundi hawa wana uwezo gani.

Mtazameni tena Lutan aingiapo katika chombo cha Enterprise pamoja na walinzi wake. Katika hadithi za kubuni za sayansi mgeni lazima apewe alama ya ugeni, nayo huwa paji la uso lililotengenezwa kwa plastiki, au lugha, au mila, au namna ya kufikiri isiyo yetu. Na fundi mwenye insafu huichagua alama hiyo akijua kwamba mtazamaji ataisoma kabla hajasikia neno hata moja. Watu wa Ligon hawakupewa paji la uso wala lugha. Walipewa vilemba, hariri inayometa, silaha za sumu, na ngozi nyeusi, mmoja baada ya mwingine, hata asibaki Mligon asiye mweusi. Na kwa kuwa mavazi huvaliwa na kuvuliwa, alama iliyobaki machoni mwa mtazamaji ni ngozi peke yake. Kisha mswada wa Katharyn Powers na Michael Baron ukaijaza alama hiyo maana yake, nayo ni ya zamani mno: mtawala mwenye ghururi amwona mwanamke mweupe, amtamani, amteka, na watu walioendelea wanalazimika kumbembeleza kwa sababu anayo chanjo wanayoihitaji. Hadithi hii tuliiona katika filamu za Tarzan kabla mtu hajafika mwezini. Kuihamishia katika karne ya 24 hakukuifanya kuwa sayansi.

Na tazameni jinsi kosa lilivyowaponyoka wenyewe. Geordi La Forge, ambaye LeVar Burton alimwigiza kwa upole na akili nyingi, anashuka Ligon pamoja na Data, ofisa aliye mashine, kukagua silaha; yaani mtu mweusi wa dunia ya kesho anasimama katikati ya umati wa watu weusi wa dunia ya kubuni, na hapana yeyote, si yeye wala wenyeji wake, anayeonyesha kuona jambo lolote. Mwongozaji makini angesimamisha kamera hapo, na mtunzi makini angeliandika swali. Hapakuandikwa neno, kwa sababu ndani ya mswada hapakuwa na hoja ya rangi. Rangi ilikuja baadaye, katika uchaguzi wa waigizaji, ikaketi juu ya hadithi bila ya hadithi kuwa na nguvu ya kuibeba. Ndiyo maana nasema kosa hili ni la ufundi.

Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba palikuwapo kitu cha thamani chini ya takataka hizo. Ligon ni nchi ambayo ardhi ni mali ya wanawake, na mwanamume huilinda na kuitawala kwa idhini ya mkewe tu, hata Yareena anapomwacha mumewe Lutan na kumchagua mwanamume mwingine, Hagon, utawala wote unahama naye. Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda nyota ya mbali kulielewa hilo, kwa maana Waluguru wa Morogoro wamerithishana ardhi kupitia koo za mama tangu enzi za mababu, na yapo mengi ya kusimulia juu ya mume anayelima shamba la ukoo wa mkewe. Laiti mtunzi angelimketisha Yareena barazani na kumpa dakika tano za kueleza mali yake na hofu yake, tungepata sehemu ya kukumbukwa. Badala yake alipewa glavu yenye miiba ya sumu na kutiwa ulingoni.

Russ Mayberry, mwongozaji, aliondolewa na Gene Roddenberry, mwasisi wa Star Trek, kabla kazi haijakwisha, na Les Landau, aliyekuwa msaidizi, akaimalizia. Wapo wanaolitoa tukio hilo kama ushahidi kwamba wakubwa waliona taksiri na kuitengeneza. Sikubali. Kumwondoa mtu na kuziacha picha zake zirushwe hewani ni kumwadhibu mmoja na kuihifadhi dhambi. Jonathan Frakes, aliyekuwamo ndani yake, ameikana sehemu hiyo hadharani kwa maneno makali kuliko yangu. Wala mtunzi hakuonekana kupata funzo, kwani mwaka 1997 Katharyn Powers huyo huyo aliandika "Emancipation" katika msimu wa kwanza wa Stargate SG-1, na safari hii aliyetekwa na kukabidhiwa mtawala wa kabila ni Kapteni Carter, na wanaosingiziwa ni watu wa asili ya Wamongolia.

Tena Roddenberry hakuwa na haki ya kusema hakujua. Miaka 21 nyuma, Septemba 8, 1966, sehemu ya kwanza kabisa ya Star Trek ilipoonyeshwa, Nichelle Nichols alikuwa kazini katika Enterprise ile ya zamani akiwa Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, na ndani ya "The Man Trap" alizungumzishwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika "The Changeling", kumbukumbu zake zilipofutwa na mashine, alipokuwa akifundishwa upya kusoma Kiingereza ulimi wake ulirudi kwenye Kiswahili. Hakuvalishwa ngozi ya chui. Hakupigiwa ngoma. Lugha yetu ilikuwa mali ya mtu msomi mwenye cheo, ikatumika pale tu hadithi ilipoihitaji, na hiyo ndiyo kanuni nzima ya kazi hii. Nichols, aliyefariki Julai 2022, hakuandikiwa maneno mengi, lakini kila alichopewa alikitia hadhi, na mimi nampima kila mwigizaji wa nyota na vyombo kwa mizani yake. Hata Fred Steiner, aliyetunga muziki wa sehemu nyingi za mfululizo ule wa kwanza, ndiye aliyetunga muziki wa "Code of Honor". Wazee walikuwamo nyumbani, na bado hawakuulizwa.

Piller alipokuja alifungua mlango kwa miswada ya watunzi wasiojulikana, ndipo akaingia Ronald D. Moore, mpiga picha Marvin Rush akabadilisha mwanga, na sare zilizowabana waigizaji zikapata kola. Yote mema.

Lakini kupona kulianza kabla yake, Februari 1989, katikati ya ule msimu wa pili uliovurugwa na mgomo wa watunzi na ukaishia kwa kuunganisha vipande vya picha za zamani. Katika "The Measure of a Man" ya Melinda Snodgrass, Data anashtakiwa kuwa ni mali, na Guinan, ambaye ni Whoopi Goldberg, anaketi na Picard mezani na kumwongoza taratibu kwa habari ya viumbe ambao kila dunia imewatumia na kuwatupa, mpaka Picard mwenyewe anatamka neno utumwa. Mwigizaji mweusi pale si pambo la ugeni. Ndiye mwenye kumbukumbu, na nahodha ni mwanafunzi wake kwa dakika chache.

Kisha, Machi 1990, ikaja "Sins of the Father", na hapa nawaomba mshike jina moja: mwongozaji wake ni Les Landau, yule yule aliyeachiwa masalio ya Ligon. Maudhui ni yale yale, sheria ya heshima ya taifa la wapiganaji, safari hii Waklingoni. Waigizaji wakuu ni weusi, Michael Dorn akiwa Worf na Tony Todd akiwa ndugu yake Kurn, lakini safari hii alama ya ugeni iko kwenye paji la uso na kwenye sheria, na sheria hiyo imeandikwa kutoka ndani, na mtu anayeiamini. Worf anakubali kuvuliwa heshima asiyostahili kuvuliwa ili baraza lake lisianguke, na Kurn anapaswa kumgeuzia mgongo pamoja na wengine. Hapana anayewacheka Waklingoni katika tendo lile. Jumba lile la baraza liliipatia sehemu hiyo tuzo ya Emmy ya mandhari, na mkono uliozifunga picha za Lutan ndio ulioongoza tendo hilo la Worf; basi tusiambiwe kwamba mwaka 1987 ufundi haukuwapo.

Nayasema haya kwa uchungu wa karibu, kwa kuwa sisi wa Njombe na Iringa tumechoka kujiona katika tamthilia za Dar es Salaam kila panapotakiwa mtumishi wa ndani: lafudhi yetu inakuzwa, kitenge kinafungwa vibaya kwa makusudi, binti anaogopa swichi ya umeme, na kicheko kinapatikana kwa bei rahisi. Hilo ndilo kosa la Ligon likifanywa na ndugu kwa ndugu, asili ya mtu ikiwekwa mahali pa tabia yake. Waandishi wa miswada hiyo, nawaomba: huyo binti wa Makambako mwandikieni jina kamili, mwandikieni mama aliyemuaga na deni lililomwondoa nyumbani, mpeni hoja moja ambayo tajiri wake hawezi kuijibu, kisha ndipo mmchague mwigizaji.