Mwili mzuri si kipimo

Wandugu wa association, leo mtanisamehe, nitaandika juu ya mavi. Nilitafuta neno la heshima, nikaona "kinyesi" ni lile lile, limevaa koti tu.

Mwaka 2014 Mmarekani Jeff Leach, anayechunguza bakteria za utumbo, alitoa insha kwenye intaneti. Anaeleza jinsi alivyochukua kinyesi cha mwanaume mmoja Mhadza na kujiingizia mwenyewe kwa nyuma, kwa bomba la jikoni la kumwagia nyama mchuzi, wakati jua linatua juu ya Ziwa Eyasi, kule Tanzania. Alitaka kuona kama bakteria za mwindaji zitakaa ndani ya tumbo la Mmarekani. Insha inasomeka vizuri, siwezi kukataa. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili ndipo nilikasirika.

Tiba yenyewe si mchezo. Uholanzi, mwaka 2013, walitangaza matokeo ya wagonjwa wa Clostridium difficile, bakteria inayoharisha watu sana baada ya antibiotiki. Kati ya 16 waliopewa kinyesi cha mtu mzima wa afya, 13 walipona mara ya kwanza tu. Kati ya 13 waliopewa vancomycin peke yake, walipona 4. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilisema kinyesi kikitumika hivyo ni dawa, na sheria ya dawa inakihusu.

Kinachoniudhi ni namna insha inavyomtambulisha mtoaji. Anakuja na sifa zake: mwindaji, mtu wa asali na ubuyu, mtu wa "zamani". Hizo ni sifa za hadithi, si za labo.

Sisi wa agronomia tulishalipa bei ya kosa hilo. Mnyauko wa migomba ulipoonekana Masisi mwaka 2001 na kushuka huku kwetu, haukusafiri kwa panga chafu tu. Ulibebwa na miche ya kijani, mizuri, ambayo jirani alimpa jirani kwa upendo. Mche unaweza kubeba bakteria na usionyeshe kitu. Ukiona majani yanakauka, shamba limeshaenda.

Na kwa kinyesi ilitokea vile vile. Juni 2019 Marekani ilitoa onyo: wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipata bakteria sugu za E. coli kutoka kwa mtoaji mmoja, na mmoja wao akafa. Yule mtoaji hakuwa na dalili yoyote. Alikuwa amepimwa! Ila vidonge vyake vilitengenezwa Novemba 2018, na kipimo cha bakteria hizo kiliongezwa Januari 2019. Vya zamani vilibaki kwenye friji bila kurudiwa. Kama hospitali kubwa yenye labo yake inaponyokwa hivyo, porini kando ya ziwa je?

Msifikiri natetea fomu zao zote. Nyingi zinamkataa kwa muda hata mtu aliyetembelea tu nchi za joto. Maana yake ni kwamba mimi wa Bukavu nisingefika hata mlangoni. Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu bakteria sugu za aina hiyo zilishakutwa katika mikojo ya wagonjwa hapa hapa mjini.

Tena kuna jambo ambalo insha inalipita mbio. Mwaka huo huo wa 2014 utafiti juu ya Wahadza 27 ulionyesha kwamba watu wazima wao hawana Bifidobacterium, ile ambayo Ulaya wanaihesabu alama ya afya, na wana Treponema nyingi, ambayo kwa wengine inatia wasiwasi. Wao wanaishi nayo vizuri kwa chakula chao, mizizi na ubuyu. Utatoaje udongo wa Walungu, uumwage Uvira, halafu ungojee mavuno yale yale?

Leach alijipangia kufuatilia tumbo lake mwenyewe. Kanuni za leo zinadai mtoaji naye apimwe tena baada ya wiki kadhaa, kabla kinyesi chake hakijamfikia mtu. Kwa hiyo lazima ajulikane ni nani, anakaa wapi, na akikutwa na ugonjwa nani atamtibu. Katika insha nilimtafuta huyo mtu. Nilikuta jua, ziwa na bomba.