Kuchonga au kuunda?

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika katika tasnifu yake kwamba Cyrus Kabiru "anachonga" miwani. Nilikipigia mstari kitenzi hicho kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Kwa patasi gani?" Kisha nikakwama, maana sikuwa na kitenzi cha kumpa badala yake.

Sisi tuliozaliwa Machakos tunadhani tunajua kuchonga. Kule Wamunyu, ambako inasimuliwa kuwa Mutisya Munge alirejea na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, fundi huanza na gogo la muhugu, akaondoa asichokitaka mpaka akabaki twiga. Kuchonga ni kupunguza. Hata kinyago cha kwenye methali, kile kisichomtisha mwenyewe, kilichongwa.

Kabiru hapunguzi. Msanii huyu wa Nairobi huokota nyaya, vijiko, vifuniko vya chupa na vipande vya mitambo mibovu, akaviunganisha kuwa miwani inayofunika uso kama kinyago. Amesimulia kwamba utotoni babake alimkatalia miwani, akamwambia kama anaitaka ajitengenezee. Anayeivaa hugeuka nusu mtu, nusu mdudu. Ila kijiko kingali kijiko! Ungeweza kukichomoa ukakorogea chai.

Hapo ndipo ninapowapimia wasanii wa aina hii. Mwaka 1942 Picasso alishikanisha kiti cha baiskeli na usukani wake, akapata kichwa cha fahali. Ukikitazama unaona fahali, halafu baiskeli, halafu fahali tena. Jicho halitulii. Kioko Mwitiki, ambaye wanyama wake wa vyuma kuukuu wanajulikana sana nchini, namheshimu kwa ustadi wa umbo. Lakini mbele ya ndovu wake mimi huona ndovu tu. Vyuma vimekuwa vitiifu mno. (Mke wangu anasema huo ndio ufundi wenyewe, mimi napenda ubishi.)

Sasa, kwani neno lina uzito gani hapa? Lina uzito kwa sababu tukimwita mtu mchongaji tunatafuta mkato wa patasi na ulaini wa msasa. Tusipoviona tunasema, "Aa, hii ni skrapu tu ya jua kali." Nimewahi kukaa kwenye jopo la waamuzi nikampa alama duni mtoto aliyeleta kinyonga cha nyaya na plagi za pikipiki, kisa hakikuwa "nadhifu". Kinyonga kile bado kinanijia usiku.

Wapwani walikuwa na neno tangu zamani. Jahazi huundwa, ubao kwa ubao, na fundi wake ni muundaji. Najua kitenzi hicho tumekichosha kwa kuunda kamati na tume zisizokwisha. Hata hivyo, mwanafunzi wangu akisoma hapa, na afute "anachonga", aandike "anaunda". Na wino wangu mwekundu aufute pia.