Mgongo wa Hercules

Mtu akiijia sanamu husimama mbele, penye uso na kifua. Hendrick Goltzius, mchonga mabamba ya shaba kutoka Haarlem, Uholanzi, alifika Roma mwaka 1591, akaiendea sanamu ya Hercules ya ukoo wa Farnese, kisha akazunguka nyuma.

Jitu hilo la marumaru, refu kupita mita 3, lilikuwa limefukuliwa mwaka 1546 katika magofu ya hamamu za Kaisari Caracalla. Ukilitazama kwa mbele, utaona shujaa aliyeinamisha kichwa, ameegemea rungu lake, hoi. Katika picha aliyoichonga, Goltzius anatuonyesha mgongo mpana kama ukuta na, nyuma ya kiuno, mkono wa kulia ulioficha matofaa ya Hesperides, aliyoyapata shujaa huyo kwa kazi ngumu. Chini kabisa kachora wanaume wawili wakiangalia juu. Wao wanaona uchovu. Sisi tunaona ulikotoka.

Mgongo ule hauna kivuli cha kupaka. Una mistari tu. Mchongaji hushika chuma chenye ncha kali, akakisukuma mbele kwa kiganja, huku bamba likizungushwa juu ya mto wa ngozi ili mstari upinde. Akikandamiza, mfereji hupanuka; akilegeza, hukonda ukawa unywele. Kisha bamba hupakwa wino na kupanguswa hadi wino ubaki mferejini, na karatasi mbichi hugandamizwa juu yake kwa mtambo. Cha kulia hutoka kushoto, kwa hiyo fundi hufanya kazi yote akiwaza kinyume. Na kosa la shaba halifutiki kama la chaki.

Katika ufundi huo Goltzius hana wa kumkaribia. Mstari wake hufuata misuli kama maji yafuatavyo mkondo: huvimba penye bonde, hukonda penye kilima cha nyama, hukatizana na mwenzake pale mwanga unapofifia. Sogeza jicho karibu, mwili unavunjika ukawa wavu wa wino. Rudi hatua mbili, jiwe linapumua.

Utotoni Goltzius aliangukia moto, na mkono wake wa kulia haukukunjuka tena sawasawa. Mwaka 1588 aliuchora mkono huo wenyewe, vidole vimepinda, kila mshipa mahali pake. Lakini chuma cha kuchongea hakidai vidole vilivyonyooka. Mpini wake hukaa ndani ya kiganja kilichofumbwa, na nguvu hutoka begani.

Picha ya Hercules ilitolewa mwaka 1617, Goltzius mwenyewe akiwa ameshafariki. Kila niitazamapo, jicho hupanda mabegani, huteremka uti wa mgongo, likatua palepale: kwenye mkono wa kulia uliofumba, uliochoka, wenye matunda ya kazi yake.