Namna ya Kumpima Dalali wa Linki

Watu wengi humpima anayeuza bidhaa za wengine kwa linki kwa kuangalia kipato chake, naye huwasaidia kukosea kwa kubandika picha ya dola alizoingiza mwezi uliopita. Kipimo hicho hakifai, na ushahidi wake ulishafika mahakamani. Shawn Hogan wa California alikuwa miongoni mwa waliolipwa kamisheni nono kuliko wote na eBay. Mwaka 2010 alishtakiwa kwa kupandikiza vidakuzi vya eBay, yaani alama za kumtambua aliyemleta mteja, kwenye kompyuta za watu ambao hawakubonyeza linki yake yoyote, ili wakija kununua baadaye kwa hiari yao, malipo yamwendee yeye. Alikiri kosa, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miezi mitano. Kwa picha za mapato peke yake, angehesabiwa bingwa wa fani.

Ubora wa kazi hii uonekane kwingine: katika maneno ambayo dalali anayasema huku akijua yanaweza kumpotezea mauzo. Sababu imo ndani ya utaratibu wenyewe wa malipo. Amazon, iliyoanzisha mpango wake wa kamisheni mwaka 1996, humlipa aliyemleta mteja kwa karibu kila kitu mteja atakachonunua ndani ya saa 24, hata kama hakikusifiwa na mtu. Kwa hiyo mvivu anahitaji mbonyezo tu, na ndiyo maana ukurasa wake umejaa “ofa inaisha leo” na vitufe vitatu kabla hujaambiwa kitu chenyewe ni nini. Lakini bidhaa ikirudishwa, kamisheni nayo inakatwa, na fedha za mwezi mmoja hufika miezi miwili baadaye. Fundi makini huishi kwa kanuni hii ya pili. Siku yake huipitisha kwa shughuli zisizopigwa picha: kukagua linki zilizokufa, kuondoa bidhaa iliyokwisha ghalani, kusahihisha bei ya zamani, kujibu WhatsApp ya mtu anayeuliza kama chaja itaingia kwenye simu yake. Ukurasa wenye tarehe ya marekebisho na linki zinazofanya kazi una mtu nyuma yake. Uliotelekezwa tangu siku ulipoandikwa ni mtego tu.

Ukitaka kumjua dalali aliyenakili maneno ya wengine, soma anachosema kuhusu umeme. Blenda nyingi zinazosifiwa kwenye kurasa za Kimarekani zimetengenezwa kwa volti 120, ilhali umeme wa Dar es Salaam au Mombasa ni wa volti 230 au 240, na soketi nyingi ni za matundu matatu ya mstatili. Anayemwandikia msomaji wa hapa akasahau jambo hilo hajamfikiria mnunuzi hata kidogo, kwa sababu mashine hiyo ikichomekwa bila transfoma itaungua. Gharama ya usafirishaji, ushuru wa forodha na dhamana isiyovuka mipaka ya nchi ni vipimo vya namna hiyohiyo. Sifa za kiwandani kila mtu anaweza kuzinakili. Jumla ya fedha zitakazokutoka mpaka mzigo ufike mlangoni haipatikani bila kazi.

Yupo atakayepinga kwamba anayelipwa kwa mauzo hawezi kusema kweli. Hoja hiyo ina nguvu, na haijibiwi kwa kusema kuna watu wema. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 hadi 3. Aliyeacha ghafla kuzisifu meza na kuhamia kwenye kinacholipa zaidi alijianika mwenyewe: alikuwa akipendekeza asilimia. Hata hivyo tovuti ya Wirecutter, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilijiendesha kwa kamisheni hizihizi huku ikijenga jina kwa kupima bidhaa kwa mkono, mpaka kampuni ya gazeti la New York Times ikainunua mwaka 2016. Utasema wao walikuwa na uwezo wa kupima, na kijana wa Mwanza mwenye simu moja hana. Ni kweli, na ndiyo sababu kijana huyo apimwe kwa wembamba wa uwanja wake. Anayezijua vizuri pawabenki za aina tatu, na anapiga picha za zile alizozishika, namwamini kuliko mwenye orodha ya “bidhaa 50 bora” zenye picha za kiwandani. Orodha za namna hiyo, kwa maoni yangu, zipitwe bila kusomwa.

Tamko la dalali kwamba analipwa nalo litazame lilipokaa. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 imeitaja kazi hii waziwazi, na mkazi wa nchi hiyo hukatwa kodi ya asilimia 5 kwenye malipo yake. Serikali ikiwa inajua kwamba dalali analipwa, mnunuzi hana sababu ya kufichwa. Sentensi moja juu ya linki ya kwanza inatosha. Ikizikwa chini kabisa kwa herufi ndogo, haikuandikwa kwa ajili yako.

Kabla hujabonyeza, muulize dalali ni bidhaa gani katika kundi hilo asingekushauri uinunue, na kwa nini. Akishindwa kuitaja hata moja, tafuta mwingine.